Maji Mafu

Mwezi nane mwandamo, bahari imepunguza hasira:
maji hayajai sana, hayapwi sana.
Sisi twayaita maji mafu,
na ndiyo Mwalimu Famau aliyotuchagulia
tuvuke kutoka jeti ya Shela hadi Ras Kitau,
katikati ya kipupwe, saa kumi na mbili unusu,
vitanda vya Lamu vikiwa bado na joto la watu.

Nimeandikwa namba mkononi kwa wino mzito:
thelathini na moja.
Umri, hamsini na mbili. Kazi, fundi cherehani.
Sababu ya kushiriki (fomu ilikuwa na mstari wake)
niliacha wazi.
Zulfa wa hospitali aliandika: afya.
Twaha wa benki aliandika mistari mitatu, akageuza karatasi.

Mgeni mmoja wa hoteli alitia kidole cha mguu majini
akacheka, akasema kwao hii ni supu.
Sawa. Lakini baridi haina mizani ya sokoni.
Kila mtu hupimiwa kwa ngozi yake,
na yangu imelelewa na jua la saa sita
na mvuke wa pasi ya makaa.

Kipenga.

Maji yakanishika vifundo kwa adabu,
yakapanda magotini, yakafika kiunoni, adabu ikaisha.
Kifuani pumzi ikanitoka
kama ya mtu aliyeitwa jina lake na askari.
Nikasahau yote niliyofunzwa:
tia uso, toa pumzi, geuza shavu.
Nikameza chumvi. Nikasema neno
ambalo mamangu angenipaka pilipili kwalo.
Dera nililolikata nikalishona upya liwe suruali
likajaa maji, likawa na mawazo yake.

Ningependa kusema nilikuwa sindano,
nikiishona Shela na Manda kwa uzi mweupe wa povu.
Ingependeza. Sivyo.
Nilikuwa kitambaa kilicholoweshwa kikasahaulika,
na fundi ni bahari, na haikuwa na haraka.

Katikati ya mkondo vidole vikanipotea.
Boti ya mashine ikasogea, Lali akainama:
"Shangazi, ndoo upande, mai ni baridi!"
Mai. Neno la kwetu, laini, lisilo mfupa ndani,
likaniingia sikioni kama maji ya moto ya kuogesha mtoto.
"Nayaona," nikamwambia.
Nikaendelea.

Sikuwaza jambo kubwa. Nilihesabu vishikizo.
Vya kanzu ya Bwana Shekuwe, vitano, hajalipa.
Vya sare za madrasa, mia moja na arubaini.
Mahali fulani baada ya tisini
baridi ikahamia chumba cha pili.
Haikuondoka; niliisikia kule na shughuli zake.
Nikabaki ukumbini na moyo wangu,
tukitazamana kama watu wawili
walioishi nyumba moja miaka yote hii
na ndio kwanza waulizana habari.

Kisha mchanga ukanigusa goti.

Nilikuwa wa ishirini na mbili kati ya ishirini na watatu.
Wa mwisho ni Twaha, tena ndani ya boti,
paja limemkaza, midomo rangi ya zambarau.
Twaha huyu, mtu wa Vanga, ambaye tangu Rajabu
aniambia mkopo wangu wa cherehani ya umeme
"uko mezani."
Zulfa akampa kila mtu blanketi lake
na kikombe kimoja cha tangawizi tupokezane;
vingine vilibaki Shela.
Meno yake yakagonga, na yangu yakagonga,
mlio uleule wa cherehani yangu kongwe
ikipita juu ya mshono wa jinzi.
"Bi Mwanashee," akasema, "nj... nj... nj..."
"Sema ndoo," nikamwambia. "Ni nyepesi kwa meno."
"Ndoo," akasema. "Ndoo Jumatatu."

Alasiri nilikuwa kazini, wino umekataa sabuni.
Mteja akaiona ile thelathini na moja mkononi,
akauliza ni kiuno cha nani.
Cha bahari, nikasema,
pale inapokuwa nyembamba.