Punguza Upepo

Eldjárn aliingia gerejini na theluji begani,
mkononi karatasi ndefu kama orodha ya mahari:
matairi ya inchi arobaini na nne, kashata za kung'ata mwamba,
loki za difu, mbele na nyuma,
winchi, springi za kunyanyua bodi,
na taa. Taa nyingi. Za kuamsha milima.

Nikamuuliza, unakwenda wapi?
Akasema, popote.

Popote hakuna tairi lake, kaka.
Kuna changarawe nyeusi iliyotemwa na volkano,
inayochana ubavu wa mpira kama kisu cha kupasulia samaki.
Kuna mito ya kiangazi inayohama usiku:
ulipovuka jana, leo ni shimo.
Na kuna Vatnajökull, nyeupe juu,
chini ina midomo.
Tairi la matope haliijui barafu,
linachimba, linachimba, linajizika lenyewe.
Huko hushika tairi pana, laini,
lenye mikato myembamba kama mistari ya kiganja.
Na hizo inchi zako arobaini na nne
zitataka ukate bodi, ubadilishe gia,
kisha ulinyweshe gari mafuta kama ndama yatima.

Hakupenda.
Watu wa Reykjavík hawapendi kuuziwa kidogo.

Basi nikamtolea geji ya mama,
ya shaba, kioo kina ufa.
Mwezi wa tatu, kabla sijazaliwa,
magari matatu yalipanda barafuni.
Mawili yalizama hadi milangoni,
kashata mpya zikizunguka patupu,
wanaume wakitukana kwa zamu.
Mama akashuka. Akapiga magoti kwenye valvu
akaachia upepo: ishirini, kumi, sita,
hadi paundi tatu,
tairi likajilaza juu ya theluji
kama paka juu ya blanketi.
Gia ya chini, mguu mwepesi,
akapita. Kisha akarudi na kamba,
na hakusema neno,
jambo ambalo, naambiwa, liliwauma zaidi.

Eldjárn aliishika geji muda mrefu.
Akanunua inchi thelathini na tano,
loki ya nyuma tu,
pampu ya kurudishia upepo akifika lami,
na geji yake mwenyewe, ya plastiki.
Ya mama siiuzi.

Agosti akarejea, vumbi hadi kope,
rimu moja imepinda kidogo.
Nikangoja hadithi.
Akasema, mtoni niligeuza gari.
Maji yalikuwa ya rangi ya zege, sikuona chini.
Nikalala upande huu, asubuhi nikarudi nyumbani.

Nikammiminia kahawa.
Ile karatasi yake ninayo bado, msumarini.
Upande wa nyuma naandika madeni ya watu.