Kumi za Mwisho

Walikuuza kwa bei ya chuma chakavu,
kilo mia mbili na kumi, na risiti.
Aivars alikuwa ameshazikwa,
hapakuwa na wa kukutetea.
Nikakodi gari la muuza viazi,
tukakushusha theluji ikiwa magotini.
Zigrīda wa nyumba ya pili akauliza.
Nikamwambia ni friji.

Miaka kumi na tisa, amplifaya wee,
ulitangaza matairi, mikopo, bia ya shayiri,
hali ya barabara ya kwenda Ventspils,
nami zamu za usiku nikikupangusa,
nikitoa nondo waliokauka kwenye feni,
mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni,
maana volti elfu saba
hazijui kusema samahani dada.

Ndani ya mlango wako, kwa penseli ya seremala,
mwandiko wake bado upo:
*Zima. Hesabu thelathini. Kisha gusa kwa fimbo.*
Siku moja alihesabu ishirini.
Kidole chake cha shahada hakikukunjika tena;
akakitumia kutuonyeshea makosa yetu.

Sasa uko kwangu, kwenye banda lililokuwa la kuku.
Kondensa mbili zimevimba
kama shavu la mwenye jino bovu. Nimezing'oa.
Koili nimeisugua kwa limau na chumvi
hadi shaba ikanirudishia uso wangu, umezeeka.
Mrija nimeupunguza shubiri kasoro vidole viwili;
nilipima mara tatu, na bado msumeno ulinitetemesha.
Sauti nyembamba hutaka koo fupi.
Ila vali ya kauri ni ileile.
Vijana wana vipande vidogo kama ukucha,
vinafanya kazi hiyohiyo, wanasema,
lakini huwezi kuvikaribia ukaota mikono.

Januari, mwezi juu ya misonobari,
antena nne uani zikiukodolea macho,
nikabonyeza: nukta, mstari.
Herufi moja tu, ya mwanzo wa jina lake.
Taa ya jikoni ikafifia.
Feni ikanguruma kama zamani.
Halafu sekunde mbili na nusu
ambazo hazikutaka kuisha,
na kutoka kule juu kwenye mawe,
chini ya mchakacho, kwa unyonge:
nukta, mstari.

Hukuwa na tairi la kuuza.

Nikazima.
Nikahesabu thelathini zote, kwa sauti,
zile kumi za mwisho kwa niaba yake.