Chujio

Mimi fundi wa viyoyozi, kambi ya Ghala, chumba cha tisa.
Mchana napanda mapaa ya watu kwa ngazi ya kuazima,
jioni mikono inanuka vumbi na shaba.
Mikono hii hii, mwaka jana, niliiweka
juu ya sikio la Filomena, yaya wa Al-Khuwair,
nikaomba. Kesho yake akasikia kengele ya mlango,
akanipigia simu analia.

Basi nikavimba.
Ijumaa kanisani nikawa naketi karibu na mimbari,
natembea kama mwenye duka la dawa.
Wakisema, "Bwana ameponya," naitikia amina,
moyoni najibu: karibuni tena.

Mwezi wa saba Mwadime akaanguka kazini.
Jua la Maskati halina salamu:
tangi juu ya paa linachemka lenyewe,
ukifungua bomba la baridi unaoga chai.
Walimleta amekauka, ngozi kama mfuko wa saruji,
anaita jina la mbuzi wa utotoni, Werugha.

Nikasimama. Nikakunja mikono ya shati.
Nikakemea joto, nikakemea jua,
nusura nimkemee aliyeliumba.
Sauti ikagonga mabati, chumba cha kumi wakanyamaza.
Naye Mwadime, jicho moja wazi:
"Teremsha sauti, ndugu yangu. Mungu si kiziwi.
Anayeumwa kichwa ni mimi."

Gul Zaman, mtu wa Swat, akapita kati yetu bila hodi,
mfuko wa barafu begani, kautoa soko la samaki,
maji yakimtiririka mgongoni, magamba yamemnata shingoni.
Alikuwa amefunga, sunna yake ya Alhamisi, midomo imepasuka.
Barafu ikamyeyukia vidoleni; hakulamba hata kimoja.
"Shika miguu," akaniambia kwa Kiarabu chetu cha kubangaiza.
Nikashika miguu.

Nyayo zina nyufa, chokaa imelala ndani.
Nilipiga magoti kwa sababu kitanda ni kifupi, si kwa ibada;
lakini goti haliulizi sababu, hushuka tu.
Nikabandika barafu, nikageuza, nikabandika.
Maneno yakaniishia. Likabaki moja, la kitoto:
Baba.
Halafu hata hilo likakoma kutoka,
nikawa napumua tu, yeye anapumua, barafu inapungua.

Gari la wagonjwa lilifika kabla ya magharibi.
Gul Zaman akafuturu kwa kipande kilichosalia,
chenye harufu ya jodari.

Ijumaa ya pili wakanipa kipaza sauti.
"Shuhudia!" Filomena anapiga makofi.
Nikaikumbuka kazi yangu: wenye nyumba hunishukuru kwa ubaridi,
nami sijapata kutengeneza ubaridi hata siku moja.
Navua chujio, nalikung'uta, nalirudisha.
Likiziba, nyumba nzima inaungua
na mtambo u mzima.

Nikasema, "Palikuwa na barafu."
Mchungaji akangoja. Watu wakangoja.
Nikarudisha kipaza sauti, nikakipita kiti changu cha mbele,
nikaenda kusimama nyuma, karibu na madumu ya maji.

Mwadime amerudi kazini. Mkono wa kushoto unatetemeka,
kijiko kinamwagika kabla ya kufika.
Kila usiku hunipa niukande.
Naukanda, siombi kwa sauti.
Bado unatetemeka. Kesho nitaukanda tena.