Dia

Huddersfield, Januari, chumba cha tatu cha ofisi ya ushauri.
Hita imezimwa; gesi imepanda hata kwa washauri.
Mama Nabintu ananisogezea barua nimsomee.
Nalipwa kwa saa, nafasiri neno kwa neno:

«Mpendwa Bi. Nabintu,
unadaiwa pauni mia nne na kumi na tisa.»

Anashika shavu.
«Huyu mwenye ananipenda ni nani?»

Kampuni ya gesi, mama.

«Ananipenda, tena ananidai?»

Nikakwama. Miaka kumi na minane
nimelivuka neno hili kama mtu avukavyo kizingiti, bila kutazama chini:
dia.
Ndilo hufungua kila barua, ya benki, ya hospitali,
hata ile ya kukutoa nyumbani kabla ya tarehe thelathini.

Lakini neno lina mlango wa uani.
Jumamosi iliyopita, sokoni, mvua ikigonga paa la vioo,
nilimwona jirani yake, Doreen Hepworth, miaka themanini na miwili,
akinyanyua koliflawa, akiigeuza kama anayepima homa ya mtoto,
akairudisha: «Dia mno.»
Yaani ghali.
Papo hapo akamgeukia Nabintu, akamfunga kifungo cha juu cha koti:
«Twende, dia.»
Yaani kipenzi.
Hakumeza hata mate katikati.

Na jioni, alipoonyeshwa bili:
«O dia. Dia, dia, dia.»
Hilo sitalifasiri. Hilo lilikuwa kiganja begani.

Usiku ule nilipekua kamusi ile nene, inayoshikilia mlango wangu usijifunge.
Wakale wa kisiwa hiki walikuwa na neno moja
kwa kila walichoogopa kukipoteza.
Hawakuuliza ni hasara ya moyo au ya mkoba.
Mvua ilipozidi, ngano ikaoza, mkate ukawa dia,
neno likazaa kitindamimba, mkondefu, mbavu nje:
jina la uhaba.
Bado lipo. Hukaa kurasa chache tu kutoka kwa mama yake.

Sisi je? Ghali tumeipokea kwa Waarabu,
ambao, naambiwa, humwita hivyo hata mtoto wa kumbeba.
Sisi tukashika bei.
Mapenzi tukayatafutia azizi, muhibu, laazizi, majina ya kuandikia barua.
Bibi yangu wa Pangani hakumwita mtu yeyote ghali,
isipokuwa fundi wa mabati.

Haya yote nikamweleza Nabintu, saa ya ofisi ikila.
Akasikiliza, kidole kikipita juu ya tarakimu.
«Hii gesi niliichoma kwa kifua ya Ombeni.
Alikuwa anakohoa usiku yote.
Na mbele ya hapo, kwenye mpaka, nilimlipia yeye
pete, na radio, na viatu nilikuwa navyo mguuni.
Basi na yeye ni dia?»

Ndiyo, mama.

«Mara ngapi?»

Sikuwa na hesabu hiyo.

Dawa ya deni kulipa, akasema, lakini si kumezwa nzima.
Akaniamuru nichukue kalamu:
pauni kumi na mbili kila mwezi, kuanzia Februari, siku ya mshahara wa kufagia.
«Na wao uwaanze vilevile, wasiseme hatuna adabu.»

Nikaliandika juu ya karatasi, herufi zake nne,
kwa watu wa gesi, huko waliko.
Nabintu akaliangalia muda mrefu kabla ya kutia sahihi,
kama mnunuzi anayekagua mizani.

Maana ipi nimewaandikia,
hakuniuliza.