Neno la Nsimire

Katika daftari la ubatizo waliandika Pasiansi;
nyumbani, Kadutu, tulimwita Nsimire.
Jina lile hakulipenda.
Kila aliyekuwa na deni lake alilitaja akicheka.

Bomba la mtaa lilikauka, siku ya tisa sasa.
Bidoni zilijipanga foleni zenyewe,
kamba shingoni, kama mbuzi wa mnada,
na ziwa kule chini limejaa, linatutazama.
Akapita mkubwa wa maji, koti safi,
akasema: Vumilieni.

Nsimire akamtazama viatu.
"Kuvumilia ni kwa mwiba," akajibu,
"uko mguuni mwangu, naujua.
Kusubiri ni kwa maharagwe:
moto nimewasha mimi, chumvi nimetia mimi.
Sasa wewe unatuomba lipi?
Sufuria ni yako, na moshi hatuuoni."

Mkubwa akatafuta leso.
Watu hawakucheka sana.

Usiku ule maji yakaja, rangi ya kutu,
tone,
tone.
Nsimire akakaa na bidoni yake mpaka jogoo wa kwanza,
kiganja chini ya bomba, lisipotee hata moja.
Sikumuuliza
lile lilikuwa neno lipi.