Milimita Tisa na Nusu

Kompyuta yangu huamka kama mgonjwa wa baridi yabisi:
inakohoa, inatafuta miguu,
kisha inakaa na ubuluu wake usoni
dakika tisa. Nimezihesabu,
hapa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
ninapochapa mitihani, kadi za harusi
na katiba za vikoba visivyofika mwaka wa pili.

Ndani yake kuna sahani inayozunguka.
Naisikia: kirr, kirr, tk,
kama panya mwenye haya.

Hizza, mpwa wangu wa Dar, akasema: shangazi,
usiuze, usitupe, badili diski tu.
Akanitumia kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki,
kijiti chembamba kama bazoka ambayo haijatafunwa.
“Hiki ni upepo, shangazi. Utaniambia.”

Nikakipeleka kwa Semkuya, Barabara ya Nane,
fundi aliyefuga ukucha mmoja wa kufungulia vifuniko.
Akailaza mashine kifudifudi, akatoa skrubu kumi na moja,
akazipanga kwenye kisosi kama zilivyokaa mwilini.
Akapuliza.
Miaka kumi na minne ikaruka, tukapiga chafya wote wawili.

Akakitazama kijiti. Akatazama tumbo la mashine.
Akanirudishia mkononi, taratibu,
kama mtu anayerudisha posa.
“Mama, chanda chema huvikwa pete,
lakini hapa pete imekuja, chanda hakuna.
Tundu la kijiti hiki halimo.
Hii ilipotoka kiwandani, hiki hakijazaliwa.”

Akachukua rula ya shule, iliyovunjikia kumi na saba.
“Kitanda cha diski: milimita tisa na nusu.
Diski mpya: saba. Itacheza.
Tutaiwekea mto wa boksi la dawa ya meno.
Na mlango wake ni sata, sata ile ya pili.
Nikikuuzia yenye mbio sana, itafika hapa
itembee kama wenzake.
Mlango ndio unaoamua, si mgeni.”

Nikanyoosha kidole kwenye ile ya bei ya kutupa,
imeandikwa terabaiti nzima kwa wino wa dhahabu.
Akacheka, akanitolea maiti ya mwenzake kwenye droo:
ganda tupu, na ndani, kwenye kona,
kadi ndogo ya simu imegandishwa kwa gundi.
“Hii ilimla mwalimu mmoja wa Makorora
matokeo ya kidato cha pili, mikondo yote minne.”

Nikachukua ya gigabaiti mia mbili na arobaini.
Nyeusi, haina maneno mengi.
Usiku kucha akahamisha vitu vyangu, kimoja kimoja,
harusi za watu walioachana, mitihani iliyokwisha fanywa,
na asubuhi akanikabidhi ile ya zamani ndani ya leso.
Ilikuwa bado ya moto.

Sekunde kumi na nane.
Hakuna kirr. Hakuna panya.
Nikadhani imezimika, kumbe inanisubiri.

Bi Mwanakombo wa kahawa alikuwa na dakika tisa zangu
kila siku, saa moja na nusu:
goti lake, bei ya nazi, mkwe asiyejua kuomba radhi.
Amekuja, amenikuta nachapa.
“Leo umewahi,” akasema,
akaweka kikombe, akabeba birika lake.
Ya mkwe sijui iliishia wapi.

Jioni Hizza akapiga simu. Vipi, shangazi, upepo?
Upepo, baba, nikamwambia. Upepo mtupu.
Kijiti kimo mtotoni mwa meza, ndani ya kaki yake,
pamoja na funguo
ambazo sikumbuki tena ni za milango gani.