Mafuta ya Taa ya Saba

Si yale ya kibatari. Haya hayawaki.
Hukaa gizani, ndani ya plagi,
na kazi yao ni kukataa.

Huku Faroe upepo hauleti mvua tu,
huleta bahari nzima iliyosagwa unga,
ikapenya kwenye kufuli, kwenye bawaba, kwenye kope.
Kwingine wazee ndio walao chumvi;
hapa chumvi ndiyo mlaji:
imekula nati, imekula vidato vya ngazi,
imekula jina la meli nililolichora kwa msumari
kwenye bati la mlango wa karakana.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi gatini
Armgarð alinipa mfuko wa spana na makopo matatu,
akasema, "Soma kwanza."
Sikusoma.
Nilifungua lile linalong'aa, rangi ya senti mpya,
grisi ya shaba, nikawaza kama mjinga mwenye haraka:
shaba hupitisha umeme, plagi hupitisha umeme,
basi ndoa imekamilika.
Nikazijaza pini zote tano za taa ya saba,
ile ya ncha ya ukuta wa mawimbi,
nikafuta vidole kwenye nyasi, nikaenda kunywa kahawa.

Siku kumi na moja, kimya.
Ya kumi na mbili ukungu ulishuka mlimani,
na umeme, uliojengewa daraja pasipo mto,
ukaruka kutoka pini hadi pini.
Tap. Fyuzi. Giza.
Boti ya Teitur, na gunia lake la barua
na abiria mmoja mwenye jino bovu,
ilizunguka nje ya ukuta hadi alfajiri
ikiogopa mawe ambayo kila mtu aliyajua kwa majina.

"Ulipaka nini?"
"Ile inayofaa," nikasema,
nikampaka mama wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa.
Hakugomba. Aliifungua plagi, akaingiza kidole,
akakinusa, akakifuta taratibu
kwenye mkono wa koti langu.

Tulilala kifudifudi juu ya saruji inayotiririka maji,
tochi meno yangu yakiiuma, yeye akisema:
"Ya plagi ni hii nyeupe, ya silikoni. Haipitishi kitu.
Usishangae. Pini ikibanwa tunduni mwake
huisukuma kando, shaba ikakutana na shaba;
yenyewe hubaki pembeni, imejaza kila upenyo
ambao maji yangeuita nyumbani.
Lakini sugua kwanza huo ukijani.
Grisi juu ya kutu ni blanketi juu ya mwizi.
Na ya petroli isiuguse mpira huu:
utavimba, utalegea kama mkate kwenye chai,
na mlango utabaki wazi."

"Na bolti?"
Akanyoosha kidevu juu, kwenye mteremko:
kondoo wamesimama mvuani bila wasiwasi,
manyoya yanachuruzika, ngozi chini kavu.
"Bolti ya chuma cha pua ndani ya alumini
ni majirani wasiopatana. Maji ya chumvi yakiwakuta uchi
yatawagombanisha, kisha yatawagandisha,
na utalia na spana yako.
Wape mafuta ya manyoya ya hao."
Likatoka kopo la tatu, la manjano, linanuka zizi,
na nikaelewa kwa nini viganja vya mwanamke yule,
baada ya miaka thelathini ya vyuma,
vilikuwa laini kuliko vyangu.

Taa ya saba imewaka baridi sita sasa.
Kila Septemba naifungua. Mara moja nilikuta tone,
mara moja tu, limesimama nje ya mpira
kama mgeni aliyekosa anwani.

Kopo la shaba lingali rafuni. Halina kosa.
Lina kazi yake kwenye bolti za bomba la moshi la injini,
motoni, ambako hakuna pini wala siri ya kutunza.

Koti ninalo. Doa nimelifua
kwa kila sabuni iuzwayo kisiwani.
Juzi Sunneva, mwanagenzi mpya,
aliuliza ni doa la nini.
Nilitaka kusema ni rangi.